Miksi Imegoma: Tafuta Chanzo Kabla ya Kugusa Ikwalaiza

Ukifungua mradi wa miksi, yaani wimbo ambao sauti zake zinachanganywa kwenye kompyuta, ukakuta kila traki (sauti ya chombo kimoja) ina ikwalaiza, na kila ikwalaiza ina bendi saba zilizopanda na kushuka kama mgongo wa mamba, jua kuna mgonjwa aliyemezeshwa dawa kabla ya kupimwa. Nimezitengeneza miksi za namna hiyo mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri. Unasikia kitu hakijakaa sawa, mkono unakwenda wenyewe kwenye ikwalaiza, unazungusha mpaka sauti ibadilike, na huko kubadilika unakuita kupona.

Ikwalaiza ya kompyuta, hata ile yenye grafu ya kupendeza, ina uwezo mmoja: kupandisha au kushusha nguvu ya masafa (kasi za mtetemo, kuanzia nzito za chini hadi nyembamba za juu) ambayo tayari yamo ndani ya sauti. Haizai kisichokuwemo. Haitenganishi vyombo viwili vilivyoingia kwenye maiki moja. Wala haijui kama zile hezi 300 (mitetemo 300 kwa sekunde) unazozikata ni uvimbe wa gitaa au ndicho kifua cha mwimbaji. Ndiyo maana hapa tunaanza na dalili, tunaifuata mpaka kwenye chanzo, na mara kadhaa tutajikuta tumetoka nje ya ikwalaiza kabisa.

Vipimo vitatu kabla ya dalili yoyote

Kipimo cha kwanza ni solo. Isikilize traki unayoishuku ikiwa peke yake. Kama ubaya bado upo, umo ndani ya traki yenyewe. Kama peke yake ni safi na ikirudi kwenye kundi inaharibika, basi traki haina kosa. Kuna nyingine inayogombea nayo masafa yaleyale. Tofauti hii ndogo huamua ufungue ikwalaiza ya nani.

Cha pili ni kubadilisha mahali pa kusikilizia. Hama kutoka kwenye spika uende kwenye hedifoni. Uvimbe wa besi ukitoweka ghafla, chumba chako ndicho kilichokuwa kinaimba.

Cha tatu ni kitufe cha kuizima ikwalaiza kwa muda. Kila plagini (programu ndogo inayowekwa kwenye traki, kama ikwalaiza hii) inacho, na wengi hukitumia vibaya. Sikio la binadamu hupenda chenye sauti kubwa zaidi. Ukipandisha eneo la kilohezi 8 (hezi 8000) kwa desibeli 4, kipimo cha ukubwa wa sauti, traki nzima imeongezeka ukubwa, na tofauti ndogo ya desibeli 1 yaweza kukushawishi kwamba umeiboresha. Kwa hiyo, kabla ya kulinganisha, shusha kiwango cha kutokea cha plagini (ukubwa wa sauti inayotoka) mpaka ikiwa imewashwa au imezimwa traki ibaki na ukubwa uleule. Halafu fumba macho, bonyeza kitufe mara nyingi mpaka usahau kama imewaka au imezimika, kisha chagua. Usipoweza kuchagua, iondoe plagini hiyo. Mimi huondoa karibu nusu ya nilizoweka.

"Nazungusha, hakuna kinachobadilika"

Tuanze na hili kwa kuwa linatuaibisha wote. Niliwahi kutumia muda mrefu nikipamba sauti ya sneya (ngoma ndogo yenye mlio mkali), nikasikia kabisa ikizidi kung'aa, nikatabasamu, kisha nikagundua ikwalaiza niliyokuwa naizungusha ilikuwa imezimwa. Sikio husikia linachotarajia.

Angalia kwanza kama plagini imewashwa, kisha kama bendi yenyewe imewashwa, kwa sababu plagini nyingi zina swichi ya bendi mojamoja. Angalia kama upo kwenye traki sahihi na si nakala yake iliyonyamazishwa. Angalia kama plagini imewekwa ishughulikie upande mmoja tu, kwa mfano pembeni mwa stereo, ilhali chombo chako kipo katikati.

Vyote vikiwa sawa, huenda hakuna kitu kwenye masafa hayo. Uzi mnene wa gitaa la kawaida, ukipigwa wazi, unalia kwenye hezi 82. Ukipandisha hezi 40 kwenye gitaa hilo huongezi besi ya gitaa. Unaongeza kishindo cha mguu uliogonga sakafu na mngurumo wa feni.

"Miksi imejaa matope"

Hili ndilo lalamiko la kwanza la kila anayeanza, na lina vyanzo vingi kuliko mengine yote, kwa hiyo tutakaa hapa kidogo.

Matope hukaa kati ya hezi 200 na 500. Eneo hilo si baya. Ndipo penye joto la sauti ya mtu, mwili wa gitaa, mkono wa kushoto wa kinanda, sehemu ya juu ya besi, ngozi ya sneya. Kila chombo kina haki ya kuwapo hapo. Vikija vyote kwa pamoja, kila kimoja kikiwa na kiasi ambacho kingefaa kama kingekuwa peke yake, ndipo tope linapotokea. Usikate hezi 300 kwenye traki zote kwa mkumbo. Ukifanya hivyo tope litaondoka na mwili wa wimbo utaondoka nalo, kisha utakuja kwenye lalamiko jingine liitwalo "miksi imekonda".

Anza kwa kunyamazisha. Cheza sehemu iliyojaa zaidi ya wimbo, kisha nyamazisha traki moja baada ya nyingine. Kuna moja, mara nyingi mbili, ambazo zikinyamaza miksi inapumua. Hizo ndizo za kushughulikia. Kwa uzoefu wangu mtuhumiwa wa kwanza ni kinanda kinachoshika noti nene chini ya Do ya kati, akifuatiwa na pedi, yaani ile sauti ndefu ya sinthesaiza inayotandikwa nyuma ya wimbo.

Ukishampata, jiulize swali lisilohusu ikwalaiza: je, anahitaji kupiga noti hizo? Kinanda kikipandishwa okteva moja (noti zilezile, masafa maradufu), au mkono wa kushoto ukiacha kurudia kile ambacho besi tayari inapiga, tope linakwisha bila hata desibeli moja kukatwa. Upangaji wa vyombo ni ikwalaiza ya kwanza, na ni bure.

Kama noti lazima zibaki, kata kwa umbo la kengele pana, desibeli 2 mpaka 4, mahali fulani kati ya 250 na 400. Upana huonyeshwa kwa herufi Q: namba ndogo ni pana, namba kubwa ni nyembamba, na Q ya 1.4 ni kama okteva moja. Kwa kazi ya kupunguza tope, Q ya 1 hadi 1.5 inatosha.

Mtuhumiwa ambaye watu humsahau ni mwangwi wa kutengenezwa. Sauti ya mwimbaji inaingia kwenye plagini ya mwangwi ikiwa na kifua chake chote, mwangwi unakirefusha kifua hicho kwa sekunde mbili, na kila mstari wa wimbo unamwaga tope juu ya mstari unaofuata. Weka ikwalaiza kwenye traki ya mwangwi wenyewe, na ukate kila kilicho chini ya hezi 200 au 300. Mwimbaji hataguswa. Nimeona miksi ikisafika kwa hatua hii moja tu.

Kuhusu ile mbinu maarufu ya kupandisha bendi nyembamba kwa desibeli 12 na kuipitisha kutoka kushoto kwenda kulia ukiwinda "masafa mabaya": mimi naiogopa. Kitu chochote ukikipandisha desibeli 12 kwa Q kali kitapiga kelele. Utapata masafa mabaya kila unapogusa, utayakata yote, na mwisho utakuwa umechonga mashimo kwenye sauti iliyokuwa nzima. Mimi husikiliza kwanza, nakisia, "hii inasikika kama sanduku, huenda ni 400", kisha nakata hapo na kuona kama nimepatia. Nikikosea, nimejifunza kitu kuhusu sikio langu. Ukitaka kuwinda, tumia desibeli 5 na uwe tayari umeshasikia tatizo kabla ya kuanza.

"Kiki na besi zinapigana"

Dalili: kiki (ngoma nzito ya mguu) na besi, kila moja peke yake ina nguvu, zikiwa pamoja zote mbili zinalegea, au sehemu ya chini inapanda na kushuka bila mpangilio.

Tafuta kiki yako inalia kwenye masafa gani. Nyingi huangukia kati ya hezi 45 na 65. Kisha angalia ufunguo wa wimbo. Uzi wa chini kabisa wa gitaa la besi lenye nyuzi nne ni hezi 41. Noti ya La juu yake ni hezi 55 kamili. Kama wimbo upo kwenye La na kiki nayo imetulia kwenye 55, kila besi inapogusa noti yake kuu zinakutana mahali pamoja. Hapo una njia mbili. Unaweza kuihamisha kiki nusu toni au zaidi, jambo ambalo ni rahisi ikiwa ni sampuli, yaani pigo lililorekodiwa tayari. Au ugawe ardhi: mmoja atawale chini ya 60 na mwingine juu yake. Ukimpa kiki hezi 55, mpunguzie besi hapo desibeli 2 au 3 na umwongezee kwenye 90 au 100. Ukimpa besi chini, fanya kinyume. Kosa ni kumpandishia kila mmoja palepale kwa sababu "haisikiki".

Kabla hujafika huko, geuza fezi ya traki moja (wimbi lake lililokuwa likipanda lishuke) kwa kitufe chenye alama ya duara lililokatwa na mstari. Besi ikijaa ghafla, mawimbi ya traki hizo mbili yalikuwa yanavutana, moja likipanda wakati jingine linashuka. Ikwalaiza haiponyi hilo. Acha kitufe mahali palipo na nguvu zaidi, au sogeza traki milisekunde chache.

Kuna pia anayesema besi yake haisikiki kwenye simu. Hakika haisikiki. Spika ya simu ni ndogo mno, na hezi 50 haiwezi kuzitoa kwa nguvu ya maana. Ukipandisha 50 kwa ajili ya simu, simu itabaki kimya na gari litapasuka. Kinachosikika kwenye simu ni sauti za juu za noti ileile, zile zinazoanzia maradufu ya masafa yake na kupanda. Ubongo ukizisikia hizo, wenyewe hujaza noti ya chini iliyokosekana. Ipandishe besi kati ya 700 na 1200, au uiongezee ukwaruzo kidogo kwa plagini ya kukolezea sauti. Ikiwa besi yako ni wimbi laini tupu la sinthesaiza lisilo na sauti za juu, ikwalaiza haina cha kupandisha. Hapo ukwaruzo ndio dawa pekee.

"Mwimbaji amezama"

Pandisha sauti yake. Sisemi kwa kejeli. Mara nyingi tatizo ni ukubwa tu, au mstari mmoja uliimbwa kwa upole na kiwango chake hakikufuatwa kwa mkono. Rekebisha mstari kwa mstari, kisha usikilize tena.

Kama bado amezama ingawa kipimo kinaonyesha yupo juu, amefunikwa. Maneno hueleweka kwa kiasi kikubwa kutokana na konsonanti, na konsonanti hukaa kati ya kilohezi 1 na 5, palepale gitaa za umeme, kinanda na haihati (matoazi mawili ya mguu) zinapopenda kung'aa. Sikio pia ni jepesi zaidi kwenye eneo la kilohezi 2 mpaka 5, kwa hiyo vita hivi vinasikika kuliko vingine. Usianze na mwimbaji. Nenda kwenye gitaa, kata desibeli 2 kwa upana kwenye kilohezi 2.5, urudi usikilize. Gitaa linatakiwa kupisha bila kusikika kwamba limepisha. Kama gitaa lina sehemu yake peke yake yenye kuhitaji mng'ao wote, tumia ikwalaiza inayojibadili, ile inayokata pale tu mwimbaji anapofungua mdomo na kuachia anaponyamaza.

Kisha mtazame mwimbaji mwenyewe. Kichujio kinachokata masafa yaliyo chini ya hezi 80 au 100 huondoa kishindo cha kusimama na upepo wa herufi "p". Akisikika kama anaimba kupitia puani, jaribu kupunguza karibu na kilohezi 1. Kuongeza iwe hatua ya mwisho.

Mpangilio wa plagini nao una neno. Kilichomo kabla ya kompresa, plagini inayobana sauti inapozidi ukubwa, ndicho kinachoiamuru. Kishindo cha hezi 60 kikipita bila kukatwa, kompresa itabana sauti nzima kila mwimbaji anaposogeza mguu, na wewe utadhani ni tatizo la ikwalaiza. Desturi yangu ni kukata kabla ya kompresa na kupandisha baada yake.

"Herufi 's' zinachoma sikio"

Ukikata kilohezi 7 moja kwa moja, "s" itatulia na mwimbaji mzima ataonekana amefunikwa blanketi, kwa sababu umekata muda wote kitu kinachosumbua kwa sehemu ndogo ya sekunde. Mahali hasa panatofautiana mtu na mtu, mara nyingi kati ya kilohezi 5 na 9. Tumia bendi inayojibadili au plagini maalumu ya kutuliza "s", au ushushe kila "s" kwa mkono kwenye faili. Njia ya mkono inachosha, na ndiyo inayotoa matokeo safi kuliko zote.

Chunguza kama si wewe uliyeleta ugonjwa. Ulipandisha rafu ya juu (masafa yote kuanzia mahali fulani kwenda juu) kwa desibeli 5 ili kuleta hewa, yaani ule mng'ao mwembamba wa juu kabisa? Kompresa yako inaachia haraka? Shusha hivyo kwanza.

"Nakata, lakini mlio haushikiki"

Huenda unatumia ikwalaiza ya vitelezi, ile yenye bendi kumi zilizopangwa okteva moja moja: 31, 63, 125, 250, 500, 1000 na kuendelea. Mlio wako ukiwa kwenye 350, umeangukia kati ya 250 na 500, na ukivuta vyote viwili umebomoa mtaa mzima kumtafuta mtu mmoja. Ikwalaiza inayokuachia uchague masafa, kiasi na upana ilielezwa kwa jina la parametriki na George Massenburg mwaka 1972, na leo karibu kila programu ya kurekodi huja na moja. Hamia huko.

Ikiwa ni mngurumo wa umeme, masafa yake yanajulikana: hezi 50 au 60 kutegemea umeme wa nchi iliporekodiwa sauti, pamoja na 100, 150, 200 au 120, 180, 240 juu yake. Kata kila moja kwa Q kali sana, 20 au zaidi, na sauti yenyewe itaguswa kidogo tu. Lakini mngurumo ukiwa na mchirizo mkali unaopanda mpaka kwenye kilohezi kadhaa, utahitaji mashimo mengi mno. Kagua waya na urekodi upya.

"Gitaa lina mashimo, na kila nikijaza moja linatokea jingine"

Uliliwekea maiki mbili? Sauti iliyofika kwenye maiki ya pili ikichelewa milisekunde 1, sawa na tofauti ya umbali wa sentimita 34 hivi, ukizichanganya kwa ukubwa sawa kunatokea mashimo kwenye hezi 500, 1500, 2500 na kuendelea hivyo mpaka juu, kama meno ya kitana. Hakuna ikwalaiza itakayoyajaza, kwa kuwa pale sauti mbili zimefutana, na ukipandisha zote mbili zinaendelea kufutana kwa nguvu zaidi. Sogeza faili moja mpaka mawimbi yalingane, au uchague maiki moja na kuinyamazisha nyingine. Hili la pili watu hawalipendi, lakini mara nyingi ndilo linaloshinda.

Ugonjwa wa familia hiyohiyo hutokea ukinakili traki ya ngoma, ukaibana nakala kwa kompresa kali, kisha ukaikata chini kwa kichujio kikali na kuichanganya na ile ya asili. Kichujio cha kawaida hugeuza fezi kuzunguka masafa kinapokatia, hata kwa kiasi juu yake, kwa hiyo nakala mbili zinavutana palepale na besi inapungua kuliko ulivyotarajia. Hapa ikwalaiza ya fezi sawia, ile isiyovuruga fezi, ina kazi ya kweli. Tatizo ni kwamba inachelewesha sauti, na kwenye besi na kiki huweza kuleta kivuli cha mlio kabla ya pigo lenyewe. Kama kiki yako ilikuwa na ngumi na sasa inaanza kwa mguno, tafuta ikwalaiza ya aina hiyo kwenye mnyororo wake na uirudishe kwenye hali ya kawaida.

"Nimekata, lakini taa nyekundu inawaka"

Taa hiyo huonya kwamba sauti imevuka kikomo. Inashangaza lakini si hitilafu. Ukikata chini kwa kichujio, unabadilisha pia mpangilio wa fezi, na kilele cha wimbi kinaweza kupanda ingawa nguvu yote imepungua. Hutokea zaidi kwenye sauti zilizobanwa sana, zenye vilele vilivyosawazishwa kama meza. Shusha kiwango cha kutokea na uendelee.

Ukiwa umepandisha, hesabu ni rahisi zaidi: desibeli 6 ni maradufu ya kimo cha wimbi. Ndani ya programu nyingi za kisasa hesabu hufanywa kwa namba zenye nafasi kubwa, kwa hiyo taa ya traki ya ndani si lazima iwe na madhara. Madhara huja sauti inapotoka kwenda kwenye spika au kwenye faili ya biti 16 au 24, na kwenye plagini zinazoiga vifaa vya zamani, ambazo hukwaruza kwa makusudi zikilishwa kupita kiasi.

"Hewa ya juu inasikika kama bati"

Mradi wa sampuli 44,100 kwa sekunde (hapa sampuli ni kila kipimo kimoja cha wimbi) unaishia kwenye nusu ya namba hiyo, kilohezi 22.05. Ikwalaiza nyingi za kawaida hubana umbo la kengele linapokaribia ukingo huo: uliomba kengele pana kwenye kilohezi 16, ukapewa kengele nyembamba iliyopinda upande mmoja. Tumia plagini yenye uwezo wa kuongeza sampuli kwa ndani, au achana na kengele na utumie rafu inayoanzia kilohezi 10. Na uhakikishe kuna hewa ya kupandisha. Faili iliyobanwa kuwa MP3 ya kiwango cha chini huwa imekatwa juu, na ukipandisha pale unapata mabaki tu.

"Hapa ni tamu, kwingine ni balaa"

Hili ndilo linalokula muda wa watu, na chanzo chake hakimo kwenye kompyuta.

Chukua chumba chenye urefu wa mita 4. Gawanya kasi ya sauti, mita 343 kwa sekunde, kwa mara mbili ya urefu huo: unapata hezi 43 hivi. Hayo ni masafa ambayo chumba hicho hupenda kuyarudisha. Sasa weka kiti chako katikati kabisa ya urefu huo. Palepale, hezi 43 zinafifia karibu kabisa, na 86 zinavimba. Unapandisha chini kwa sababu huisikii, unakata 86 kwa sababu inakusumbua, na miksi yako ikitoka mlangoni ina mngurumo mzito chini na shimo mahali pa ngumi ya besi. Ulifanya kila kitu sahihi kwa ajili ya kiti kimoja.

Sogeza kiti mbele au nyuma ya katikati, kisha cheza wimbo wa mtu mwingine unaoujua vizuri na usikilize kama besi yake sasa inafanana na unavyoikumbuka. Wimbo huo wa kulinganishia uwe ndani ya mradi, umeshushwa ukubwa ulingane na miksi yako, na uurudie kila baada ya dakika chache. Spika iliyo mita 1 kutoka ukutani nayo huweza kuchimba shimo karibu na hezi 86, kwa kuwa sauti inayorudi ukutani inafika kinyume na ile ya moja kwa moja. Isogeze karibu zaidi na ukuta, shimo litapanda juu, ambako kitambaa kinene au godoro laweza kulimeza.

Ukubwa unaosikilizia nao unadanganya. Harvey Fletcher na Wilden Munson walionyesha mwaka 1933 kwamba sikio halisikii masafa yote kwa usawa, na kwamba sauti ikiwa chini, besi hupotea haraka kuliko katikati. Ukimiksi kwa sauti ya juu sana, besi itakutosha wewe na kumpungukia anayesikiliza taratibu usiku. Ukimiksi kwa sauti ya chini mno, utajaza besi na mng'ao kupita kiasi. Chagua kiwango kimoja cha wastani, weka alama kwenye kitufe cha spika, ufanyie kazi hapo, na uhame kwa muda mfupi tu kwa ajili ya kuhakiki.

"Grafu inaonyesha kilima, nikikate?"

Unakisikia? Kama hukisikii, kiache. Grafu ina upofu wake, hasa chini: ikichambua kwa vipande vya sampuli 4096 kwenye mradi wa 44,100, kila hatua yake ni hezi 11 hivi. Kule juu hilo ni punje, lakini kati ya 41 na 55, ambako kuna noti sita za besi, haiwezi kukuambia ni ipi inayovimba. Piga noti hizo moja moja uzisikilize. Ikiwa ni noti moja tu inayoruka huku jirani zake zimetulia, usiikate kwa ikwalaiza ya muda wote. Shusha ukubwa wa noti hiyo peke yake kwenye faili, kila inapotokea.